Jiwe, Hesabu na Jina: Somo juu ya Litografia Yenye Sahihi



Somo letu la leo lahusu karatasi moja. Si noti ya fedha, wala si barua ya serikali, wala si ukurasa wa kitabu. Ni karatasi yenye picha iliyopigwa chapa kwa jiwe huko Ufaransa. Chini ya picha, upande wa kushoto, pameandikwa hesabu ndogo kwa kalamu ya risasi, kwa mfano 12/75. Upande wa kuume mchoraji ameandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ya namna hiyo huitwa litografia yenye hesabu na sahihi. Wako watu wanaoinunua kwa bei ya ng'ombe kadhaa, na kuitundika ukutani, na kuwarithisha watoto wao.

Labda mtauliza: «Mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa jembe?» Jibu ni hili: maandishi yale mawili madogo, hesabu na jina, ni ahadi. Na ahadi humhusu kila mtu, aliye na picha nyumbani na asiye nayo. Basi tutatazama kwanza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Kisha maana ya hesabu. Kisha maana ya jina. Kisha mfano wa mchoraji mmoja Mfaransa, Georges Rouault, aliyelilinda jina lake hata kwa moto. Mwishoni tutajiuliza sisi wenyewe twaliwekaje jina letu.

1. Litografia ni nini

Neno hili latoka katika lugha ya Kigiriki. Sehemu yake ya kwanza maana yake ni jiwe. Ya pili maana yake ni kuandika. Basi litografia ni kuandika juu ya jiwe.

Aliyeivumbua ni Alois Senefelder, aliyezaliwa mwaka 1771 na kufanya kazi yake katika mji wa München, Ujerumani. Alikuwa mtu wa kutunga michezo ya kuigiza, lakini hakuwa na fedha za kuwalipa wapiga chapa. Kwa hiyo akatafuta njia rahisi ya kupiga chapa maandishi yake mwenyewe. Alisimulia kwamba siku moja, mwaka 1796, mama yake alimwomba aandike orodha ya nguo zilizokuwa zikienda kwa mfuaji. Karatasi haikuwapo karibu. Akachukua wino wake wenye mafuta, akaandika orodha ile juu ya jiwe lililokuwa mbele yake. Ndipo wazo lilipomjia. Akajaribu, akakosa, akajaribu tena. Na mwaka 1798 njia ilikuwa imekamilika.

Siri ya njia hiyo mnaijua tangu utoto wenu: mafuta na maji havipatani. Mimina mawese katika bakuli la maji, ukoroge utakavyo. Ukiacha mkono, mafuta yatajitenga na maji. Senefelder alilichukua jambo hilo dogo la jikoni, akalifanya kuwa ufundi. Tazameni sasa hatua zake.

Kwanza, fundi hutwaa jiwe la chokaa lenye chembe ndogo sana. Mawe yaliyosifiwa kupita yote yalichimbwa Solnhofen, katika jimbo la Bavaria. Jiwe hukatwa liwe bapa, nene kama upana wa kiganja, kisha husuguliwa kwa mchanga na maji mpaka uso wake uwe sawasawa kabisa.

Pili, mchoraji huchora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, iliyotengenezwa kwa nta, sabuni na masizi. Yampasa kukumbuka kwamba karatasini picha itageuka: mkono wa kuume utakuwa wa kushoto, na herufi sharti ziandikwe kinyume, kama zionekanavyo katika kioo.

Tatu, fundi hupaka juu ya jiwe gundi ya mti iliyochanganywa na matone machache ya asidi. Dawa hiyo huyashikisha mafuta ya mchoro ndani ya jiwe, na kuzifanya sehemu tupu zipokee maji vizuri.

Nne, fundi hulowesha jiwe kwa sifongo. Maji hukaa mahali patupu, lakini hukimbia mahali penye mafuta. Kisha fundi huviringisha juu yake gogo dogo la mviringo lililopakwa wino wa mafuta. Wino nao hukimbia maji, hushika penye mchoro tu.

Tano, hutandika karatasi juu ya jiwe, na kulipitisha katika mashini inayokandamiza kwa nguvu. Akiifunua karatasi, tazama, picha imehamia juu yake.

Kwa karatasi ya pili sharti alilowesha jiwe tena na kupaka wino tena. Vivyo hivyo kwa ya tatu na ya nne. Kila karatasi hushughulikiwa peke yake. Na picha ikiwa na rangi nne, kwa kawaida huhitaji mawe manne, na karatasi moja hupita mashinini mara nne. Ikisogea kidogo tu kutoka mahali pake, rangi hazikutani vema, nayo hutupwa.

Basi fahamuni jambo hili. Litografia ya namna hii si kivuli cha picha nyingine iliyo bora kuliko yenyewe. Mchoraji hakuchora kwanza picha kubwa ukutani, kisha mwingine akaiiga. Alichora juu ya jiwe, kwa kusudi la kupata karatasi hizo. Kwa hiyo karatasi ya kwanza na ya mwisho zote ni kazi yake halisi, kama watoto wa tumbo moja.

2. Maana ya hesabu

Jiwe moja laweza kutoa karatasi nyingi. Katika karne ya 19 magazeti ya Paris yalipiga chapa picha zake kwa njia hiyo. Mchoraji mashuhuri wa magazeti hayo alikuwa Honoré Daumier. Alifanya litografia kama 4,000, na nyingi zilikuwa picha za kuwacheka wakubwa wadhalimu, mahakimu wenye kiburi na matajiri wenye choyo. Kwa ajili ya picha moja iliyomwonyesha mfalme Louis-Philippe akimeza mali ya raia, alifungwa gerezani mwaka 1832. Karatasi za Daumier ziliuzwa pamoja na gazeti kwa bei ndogo. Hakuna aliyeziandika hesabu kwa mkono, wala mchoraji hakuzitia sahihi moja moja. Hata hivyo ni kazi nzuri sana. Basi jifunzeni kwanza hili: uchache wa kitu haukifanyi kuwa kizuri. Picha mbaya iliyopigwa chapa mara kumi tu ni picha mbaya. Na picha njema iliyoenea kwa maelfu ni njema bado.

Baadaye desturi nyingine ilienea. Mchoraji na yule anayeziuza picha walipatana tangu mwanzo: «Tutapiga karatasi 75, hatutazidisha.» Kisha kila karatasi huandikwa hesabu yake: 1/75, 2/75, mpaka 75/75. Namba ya chini yasema jumla ya karatasi. Namba ya juu yasema hii ni ya ngapi. Msidhani kwamba karatasi ya 12 ni bora kuliko ya 60. Mara nyingi hata utaratibu wa kuziandika haukufuata utaratibu wa kuzipiga chapa. Mchoraji pia hujiwekea karatasi chache zake mwenyewe, zenye alama E.A., ambayo kwa Kifaransa ni ufupisho wa maneno yenye maana ya nakala ya mchoraji. Hizo nazo yapasa ziwe chache, na idadi yake ijulikane.

Hesabu ikiisha kutimia, jiwe husuguliwa tena kwa mchanga mpaka picha ifutike, au mstari mkubwa hukwaruzwa juu yake ili isitumike tena. Jiwe lililosuguliwa laweza kupokea picha nyingine, lakini picha ile ya kwanza haitarudi kamwe.

Angalieni hekima iliyomo. Mnunuzi yuko mbali. Hakuwapo katika nyumba ya chapa. Hawezi kuhesabu karatasi, wala hajui kama usiku fundi aliwasha taa na kupiga nyingine ishirini. Kitu alicho nacho ni neno la watu wawili tu, lililoandikwa kwa tarakimu mbili. Na hao wawili wajua kwamba moyo wa mwanadamu hubadilika. Leo ameridhika na 75. Kesho ana deni, na jiwe liko pale. Ndiyo maana hawaachi jiwe likiwa zima. Hulifuta siku ileile, ili kishawishi cha kesho kisikute njia wazi.

3. Maana ya jina

Sasa tuitazame sahihi. Ziko namna mbili, na mnunuzi asiyejua huzichanganya.

Namna ya kwanza ni jina lililochorwa juu ya jiwe pamoja na picha. Jina hilo hupigwa chapa kila mara picha inapopigwa. Latuambia nani aliyechora. Lakini halituambii kama mchoraji aliiona karatasi hii.

Namna ya pili ni jina lililoandikwa kwa mkono baada ya chapa, kwa kawaida kwa kalamu ya risasi. Risasi yang'aa kidogo ukiielekeza karatasi kwenye mwanga, na ncha ya kalamu huacha bonde dogo katika karatasi. Kwa hiyo hutofautiana na wino wa mashini. Jina hilo husema: «Mimi niliishika karatasi hii. Niliutazama wino, nikauona ni sawa. Naikubali kuwa kazi yangu.» Kwa mchoraji mwaminifu, karatasi yenye wino mzito mno au mwepesi mno haipati jina, hupasuliwa.

Basi jina si pambo la kupandisha bei. Jina ni ushuhuda. Anayelitia bila kutazama ametoa ushuhuda wa jambo asilolijua. Na anayeiga jina la mwingine ameiba mara mbili: ameiba fedha ya mnunuzi, na ameiba heshima ya mwenye jina.

4. Mfano wa Georges Rouault

Georges Rouault alizaliwa Paris tarehe 27 Mei 1871, siku za vita vya wenyewe kwa wenyewe katika mji ule. Mizinga ilikuwa ikipiga mtaa wao, na mama yake akamzaa katika chumba cha chini ya nyumba, mahali walipojificha. Baba yake alikuwa fundi wa mbao. Babu yake mzaa mama hakuwa tajiri, lakini alipenda picha, naye alikusanya litografia za Daumier, zile za bei ndogo tulizozitaja. Hivyo mtoto yule alijifunza kutazama kwa karatasi za chapa ya jiwe.

Alipokuwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa vioo vya rangi. Huko alisaidia kutengeneza madirisha ya kale ya makanisa. Watu wengi huona katika picha zake alama ya kazi hiyo ya ujana: mistari minene myeusi inayozunguka rangi, kama risasi inavyozunguka vipande vya kioo. Baadaye alijifunza kuchora kwa mwalimu Gustave Moreau. Katika miaka ya 1920 naye alichora juu ya jiwe. Kati ya litografia zake zimo sura za mwalimu wake Moreau na za washairi Baudelaire na Verlaine.

Kazi yake kubwa ya chapa inaitwa Miserere, neno linaloanza Zaburi ya toba katika Kilatini. Hiyo haikufanywa kwa jiwe, bali kwa mabamba ya shaba. Lakini sheria ya hesabu ni ileile. Ni picha 58 nyeusi: Kristu katika mateso yake, mama na watoto, maskini wasio na kwao, mahakimu, askari wa vita. Aliyafanyia kazi mabamba hayo tangu mwaka 1922 hata 1927, akirudia bamba moja mara nyingi mpaka aliporidhika. Mkusanyo huo ulitolewa kwa watu mwaka 1948 tu. Idadi yake iliwekwa kuwa 450, na mabamba yaliharibiwa makusudi ili yasitumike tena. Tazameni: picha hizo zina alama ya jina lake ndani ya bamba, hazikutiwa kwa kawaida sahihi ya risasi, lakini ahadi ya hesabu ilitimizwa kwa shaba iliyokwaruzwa.

Mwanaume huyu alikuwa mpole katika kazi: hakuharakisha. Mwaka 1917 mfanyabiashara wa picha, Ambroise Vollard, alinunua kazi zote zilizokuwa katika chumba chake, mamia kwa mamia, nyingi zikiwa bado hazijakamilika. Rouault aliweka sharti moja: aachiwe kuzimaliza kwa wakati wake. Vollard alikubali. Miaka ikapita. Kisha mwaka 1939 Vollard akafa kwa ajali ya gari. Warithi wake wakazifunga zile picha, wakaona ni mali yao.

Rouault akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa hii: picha isiyokamilika haijawa bado kitu cha kuuzwa, na hakuna awezaye kuitoa kwa watu kwa jina la mchoraji kabla mchoraji mwenyewe hajasema, «Imekwisha.» Mwaka 1947 mahakama ya Paris ilikubali neno lake. Akarudishiwa kazi karibu 700 zilizokuwa hazijauzwa.

Je, alizifanyaje? Tarehe 5 Novemba 1948, akiwa mzee wa miaka 77, alizichukua picha 315 kati ya hizo, akaziteketeza katika moto mbele ya mashahidi. Aliona kwamba nguvu za uzee hazitamtosha kuzimaliza. Wala hakutaka zitoke hivyo zilivyo, zikiwa na jina lake.

Mtu aweza kupinga: «Kwa nini asiziuze, akawapa maskini fedha? Angetia jina tu, watu wangezigombea.» Hoja hiyo ina uzito, maana kuna wenye njaa duniani, na picha ni kitu cha thamani. Lakini fikirini. Kila mnunuzi angeuliza, «Hii ni kazi yako?» Na jina chini ya picha lingejibu, «Ndiyo, nimeimaliza, nimeikubali.» Jibu hilo lingekuwa uongo, mara 315. Sadaka inayotoka katika uongo humsaidia maskini mmoja na kumdanganya mtu mwingine. Rouault alichagua kupoteza mali kuliko kusema «ndiyo» isiyo ndiyo.

Alifariki Paris tarehe 13 Februari 1958, na serikali ya Ufaransa ilimzika kwa heshima kubwa. Mwaka 1963 jamaa zake walilipa taifa la Ufaransa karibu kazi 1,000 ambazo hazikukamilika. Hawakuziuza sokoni kana kwamba ni kazi timilifu. Walizitoa zihifadhiwe kwa jina lake la kweli, yaani kazi zisizokwisha.

5. Jina lililotolewa bure

Ili mwanga uonekane vema, yafaa tuone na giza. Salvador Dalí alikuwa mchoraji wa Hispania aliyejulikana duniani kote. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra, nchi ndogo ya milimani kati ya Ufaransa na Hispania. Ndani yake walikuta karatasi 40,000 tupu. Hakuna picha juu yake, hata mstari mmoja. Lakini kila karatasi ilikuwa na sahihi ya Dalí.

Mwaona hatari yake. Jina lilitangulia, kazi ikafuata. Karatasi yenye jina na isiyo na picha yangoja mtu yeyote ajaze analotaka. Mchoraji hakuona kitakachopigwa chapa. Lakini jina lake limekwisha kushuhudia kwamba amekiona na kukikubali. Matokeo yake yalikuwa haya: litografia nyingi zenye jina la Dalí zilitiliwa shaka, hata zile alizozifanya kwa mikono yake kweli. Wengine walighushi bila haya, kwa kuwa watu walikuwa wamezoea wingi. Mnunuzi aliyeweka akiba yake katika karatasi kama hiyo alijikuta ana kipande cha karatasi tu.

Fananisheni mambo haya mawili. Mmoja alikuwa na kazi, akanyima jina kwa sababu kazi haikukamilika. Mwingine alitoa jina, na kazi haikuwapo. Jina la kwanza liliongezeka uzito. La pili lilipungukiwa uzito hata mahali liliposema kweli.

6. Mambo matatu ya kushika

La kwanza: usitie jina lako juu ya karatasi tupu. Neno hili ni la kila siku kwenu. Yuko mtu anayekuja na karatasi, asema, «Weka kidole hapa, maneno tutayajaza baadaye.» Huenda ni karatasi ya kuuza shamba, au ya kukopa fedha, au ya kushuhudia mpaka kati ya jirani wawili. Usikubali. Asiyejua kusoma na aombe mtu amwaminiye amsomee kwanza, mbele ya mashahidi. Alama ya kidole chako ni sawa na sahihi ya mchoraji: yasema, «Nimeona, nimekubali.» Usiseme hivyo kama hukuona.

La pili: hesabu uliyoitangaza iwe hesabu ya kweli. Anayeuza mahindi kwa debe, debe lake lisiwe na kitako cha uongo. Anayetunza mchango wa shule au wa chama, daftari lake lipatane na sanduku. Mara nyingi hakuna anayekuhesabia. Mnunuzi wa litografia hakuwapo penye jiwe. Na mwenzako hakuwapo ulipofunga sanduku. Hapo ndipo uaminifu hujulikana, kwa maana mbele ya macho ya watu hata mwizi huhesabu vizuri.

La tatu: ukiisha kuahidi, lifute jiwe. Yaani, ondoa mapema kile kitakachokufanya uvunje neno lako. Aliyeahidi kuacha pombe asihifadhi mtungi chini ya kitanda. Aliyeweka fedha ya karo ya mtoto asiiweke mfukoni siku ya soko; ampe mkewe au mtu mwaminifu aitunze. Ahadi ni deni, nalo deni hulipwa kwa urahisi na yule aliyejifungia njia ya kukimbia.

Mafundi wa chapa hawakutegemea nguvu za moyo peke yake. Walijua udhaifu wao, wakatwaa mchanga na maji, wakasugua.

Maswali ya kujipima

Swali: Litografia ni nini?
Jibu: Ni picha iliyochorwa kwa mafuta juu ya jiwe, kisha ikapigwa chapa juu ya karatasi.

Swali: Ufundi huo wategemea jambo gani?
Jibu: Wategemea kwamba mafuta na maji havipatani.

Swali: Aliyeuvumbua ni nani, na lini?
Jibu: Ni Alois Senefelder wa München, kati ya mwaka 1796 na 1798.

Swali: Hesabu 12/75 maana yake nini?
Jibu: Maana yake ni kwamba karatasi hii ni ya 12 katika jumla ya karatasi 75.

Swali: Je, karatasi ya 12 ni bora kuliko ya 60?
Jibu: Hapana. Zote ni kazi halisi ya mchoraji.

Swali: Je, uchache huifanya picha kuwa nzuri?
Jibu: Hapana. Picha za Daumier zilienea kwa wingi na kwa bei ndogo, nazo ni nzuri.

Swali: Kwa nini jiwe hufutwa kazi ikiisha?
Jibu: Ili ahadi ya hesabu isivunjwe baadaye.

Swali: Jina lililochorwa katika jiwe na jina la kalamu ya risasi yana tofauti gani?
Jibu: La kwanza lasema nani aliyechora. La pili lasema kwamba mchoraji aliiona karatasi hii na kuikubali.

Swali: Kwa nini Georges Rouault aliteketeza picha 315 mwaka 1948?
Jibu: Kwa sababu aliona hataweza kuzimaliza, na hakutaka jina lake lishuhudie kazi isiyokamilika.

Swali: Ni nini ubaya wa kutia sahihi juu ya karatasi tupu?
Jibu: Mwenye jina ashuhudia jambo asilolijua, na mwingine aweza kuandika juu yake uongo wowote.

Kwa mazungumzo ya jioni

Mkiisha kusoma, kaeni watu watatu au wanne, mkajadiliane maneno haya: Rouault angekuwa na watoto wenye njaa siku ile ya moto, je, ingempasa kufanya vivyo hivyo? Na kama jirani amekuomba uweke kidole kwenye karatasi ambayo hukusomewa, naye ni mtu uliyemzoea tangu utoto, utamjibuje bila kumvunjia heshima? Kila mmoja aseme neno lake, mwingine asimkatize. Juma lijalo katekista atawauliza mlivyoona.